Mshono Kwenye Mkanda wa Zuleha

Spana ilitoka juu. Ilitoboa mwavuli wa Mwinjuma, ikapasua sketi ya sare ya shule iliyokuwa mezani, ikajikita kwenye ubao kando ya cherehani na kusimama wima kama imepigwa nyundo. Soko lote la Maili Moja, Kibaha, likanyamaza kwa muda wa kumeza funda moja la mate. Kisha likaangua kicheko.

"Fundi, umeletewa posa kutoka mbinguni!" mama muuza nyanya akapaza sauti. "Ipokee, usitutie aibu!"

Mwinjuma hakuona cha kuchekesha. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, tepu ya kupimia shingoni, na cherehani aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Alitoka chini ya mwavuli, akainua kichwa. Nyuma ya soko lilisimama tangi la maji juu ya miguu mirefu ya chuma, limezipita nguzo zote za umeme, na kwenye ukingo wake alionekana mtu wa rangi ya chungwa, mdogo kama punje ya mahindi, akipunga mikono.

"Si nimesema tokeni chiniii!"

Kweli alisema. Ila Maili Moja ya Jumamosi, kwa malori ya barabara ya Morogoro, spika za wauza dawa ya panya na wapiga debe wanaomvuta abiria mmoja pande mbili, hata malaika akija na tarumbeta lake angeulizwa analiuza bei gani.

Mwinjuma akasogea hadi kwenye uzio wa tangi, mikono kiunoni, akaanza kuandaa matusi. Muda wa kuyapanga alikuwa nao, maana ngazi ile haishukwi mbio. Yule mtu alikuwa na ndoano mbili zilizoungwa kwenye mkanda uliomzunguka mapajani, kiunoni na mabegani. Alichomoa moja, akaipachika chini, akaivuta kuhakikisha imeshika, ndipo akachomoa ya pili. Kach. Kach. Kamwe zote mbili hazikuwa hewani kwa pamoja. Mwinjuma alitazama kwa hasira, kisha kwa mshangao, kisha akajikuta anapumua kwa kuzifuata zile ndoano. Miguu ya yule mtu ilipogusa ardhi, matusi yote yalikuwa yamechacha.

Alikuwa dada. Ovaroli ya rangi ya chungwa, kofia ngumu juu ya mtandio mweusi uliofungwa kisogoni, kinyesi cha njiwa begani kama cheo cha jeshi, na mwanya mbele ya mdomo ambao ulimfanya Mwinjuma asahau alichokifuata.

"Samahani kaka'angu. Umeumia?"

"Mimi sijaumia. Muulize mwavuli."

Dada akainama upande wa soko kwa heshima zote. "Pole, mwavuli."

"Unaleta masihara? Ingenipata kichwani je?"

"Ingepinda. Naona chenyewe kigumu."

Mwinjuma akakaza uso, lakini mdomo ulimsaliti. Dada akamwonyesha mkono: kila kifaa cha kupanda nacho hufungwa kamba, kamba nayo hufungwa mkononi, ili kisimdondokee mtu. Hiyo ya spana ilikuwa imekatika.

"Nani alikushonea hii?" Mwinjuma aliishika kwa ncha za vidole. "Panya?"

"Nilinunua hivyohivyo."

"Walikuibia. Kaa hapo. Nina mkanda wa siti ya gari, huo hata ukifungia ng'ombe anakaa."

Alishona palepale, huku dada akinywa maji kwenye kiti cha wateja na kumweleza kwamba anaitwa Zuleha, anafunga antena za mtandao juu ya matangi na minara, na kwamba mkuu wao, kaka Ambokile, yule pandikizi la mtu kutoka Mbeya, angemgombeza mpaka jioni kwa ajili ya ile spana. Mwinjuma akamkabidhi kamba mpya.

"Nipe namba yako," akasema.

"Ya nini?"

"Unipigie kabla hujadondosha kingine."

Zuleha akacheka, akampa.

"Na huko juu utaendelea kupanda mpaka lini?"

"Mpaka atokee wa kunishusha."

"Basi jiandae. Mimi ndiye nitakayekushusha."

Akacheka tena, mwanya wote nje, akarudi kazini. Mwanamume anaweza kusema neno kama hilo mchana kweupe kwa utani, akalisahau kabla chai haijapoa. Mwanamke huenda nalo nyumbani.

*

Tundu la mwavuli Mwinjuma alilizibia kiraka cha rangi ya chungwa. Muuza nyanya alipouliza kwa nini asitumie nyeusi kama mwavuli wenyewe, alijibu kwamba nyeusi ilikuwa imekwisha. Robota zima la kitambaa cheusi lilikuwa nyuma yake.

Wapandaji hawapandi na simu. Simu hubaki chini kwa Ambokile, na mpandaji huipata akishakanyaga ardhi. Kwa hiyo mapenzi yao yalikuwa na utaratibu wake: Zuleha akishuka, kabla hajavua kofia, anapiga.

"Nimeshuka, fundi."

"Umechelewa leo. Nimeshona mkono wa kulia kushoto."

"Maskini mteja wako. Bolti zilikuwa na kutu, laazizi. Unajua nimeona nini? Nimeona mvua inakuja kutoka Ruvu. Yaani nimeiona inatembea, kama mtu anaburuza kanga. Nikaijua kabla yenu nyote."

"Na mimi umeniona?"

"Nimeona kiraka changu."

Hapo Mwinjuma alikuwa hoi kwa siku nzima. Lakini kabla ya simu hiyo hakuwa mtu. Wateja walimwona amekanyaga cherehani, sindano haiendi, macho yako kwenye simu. Hawakujua kwamba baba yake alikuwa mkwezi wa minazi kule Gwata, mkwezi hodari, aliyekwea kwa kitanzi cha kamba miguuni huku akipiga soga na watu wa chini. Kitanzi kilianza kulika upande wa ndani, upande asiouona mtu. Siku kilipokatika, Mwinjuma, akiwa mdogo, aliisikia minazi inanyamaza katikati ya soga. Tangu hapo hakuweza kuona uzi ulioanza kufumuka akauacha. Hata kwa wageni. Alishawahi kumsimamisha askari wa barabarani ili amshonee kifungo.

Zuleha naye alikuwa na lake. Mama yake aliishi Kurui, Kisarawe ndani huko, kijiji ambacho mtandao ulipatikana mahali pamoja tu: juu ya kichuguu nyuma ya choo. Kila mama na binti walipozungumza, mama alikuwa amesimama pale kama mnara, mkono mmoja sikioni, mwingine unafukuza nzi.

"Kampuni imepata kazi ya Kurui," Zuleha alimwambia Mwinjuma mchana mmoja, wakila mihogo ya kukaanga kwenye meza ya kushonea. "Antena inawekwa juu ya tangi la kijiji. Kaka Ambokile amenipa niongoze mimi. Nipande mimi. Unaelewa, Mwinjuma? Nitamshusha mama yangu kwenye kile kichuguu kwa mikono yangu hii."

"Hongera, kipenzi." Aliimaanisha. Mhogo tu ndio ulimkwama.

Baada ya hapo akampeleka Gwata kwa mama yake, Bi Swaumu. Zuleha alivaa gauni la kitenge cha kijani alilokuwa ameshonewa na Mwinjuma mwenyewe, mikono mipana, kiuno kimekaa kama kimezaliwa hapo, mtandio wa dhahabu. Alipiga goti uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu kitako. Kijana wangu nimemwona amenenepa, nikajua tu kuna mtu." Bi Swaumu alimpenda kabla hajamaliza kukuna nazi. Walicheka pamoja, wakapika pamoja, wakamsengenya Mwinjuma akiwa palepale. Kisha Bi Swaumu akauliza mgeni anafanya kazi gani. Alipoambiwa, mbuzi ya nazi ilisimama.

Wakati wa kuagana alimvuta mwanawe pembeni, lakini Bi Swaumu hakuwa mtu wa kunong'ona. Zuleha alisikia kila kitu.

"Muoe. Huyo ni mke. Lakini ashuke kwanza, Mwinjuma. Mimi siziki watu wawili kwa kitanzi kimoja."

Wiki ile Mwinjuma alipiga simu na sauti ya kubembeleza.

"Nikikuomba kitu utanipa, habibi?"

"Kama si kushuka, omba chochote."

"Basi sina ombi."

Hakuna aliyekata simu, mpaka salio la mmoja wao likaisha na kuwaokoa.

*

Jumamosi moja kabla ya kazi ya Kurui, Zuleha alikuwa na harusi ya rafiki yake kule Mlandizi. Alikuja sokoni moja kwa moja kutoka kazini, akabadilisha nguo kwenye duka la jirani, akatoka na lile gauni la kijani hadi wapiga debe wakasahau majina ya vituo. Begi lake la kazi akalibwaga chini ya meza ya Mwinjuma.

"Nitunzie. Jumatatu tunakaguliwa vifaa, halafu keshokutwa yake Kurui."

"Nenda mama. Usicheze na mtu mrefu."

"Warefu nimewazoea, nawapanda tu." Akaondoka akicheka.

Alasiri biashara ilikuwa imepoa. Mwinjuma alilifungua begi kutafuta ile kamba ya spana, aone kama bado imara. Mkanda wa kupandia ukamjia mkononi. Hakuwahi kuushika kabla. Aliupitisha vidoleni kama anavyopitisha nguo ya mteja, pindo kwa pindo, na kwenye utepe wa paja la kushoto, upande wa ndani, upande asiouona mtu, kidole chake kikasimama. Uzi ulikuwa umeanza kufumuka. Kidogo tu, kama kucha ya mtoto.

Alikaa chini. Minazi ya Gwata ilinyamaza tena masikioni mwake.

Kisha akafanya alichokijua. Alitafuta uzi wa nailoni unaofanana rangi kabisa, akabadilisha sindano, akapitisha mshono mara mbili, akamaliza kwa ile kawaida yake ya kurudi nyuma hatua fupi na kufunga kifundo kidogo. Aliuvuta kwa nguvu zake zote. Akaweka goti, akauvuta tena. Mshono ulikaa. Alifikiri: Jumatatu wanakagua, watakuta kila kitu safi. Alifikiri: nikimwambia ataona namwonea hofu, tutagombana, acha. Akaurudisha begini kama alivyoukuta. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na alitabasamu peke yake mpaka muuza nyanya akamuuliza kama ameokota kitu.

*

Mkaguzi wa usalama aliitwa Bertha, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, asiyependa soga. Aliipanga mikanda ya wapandaji juu ya turubai na kuipapasa mmoja mmoja. Kwa Zuleha vidole vyake vilisimama palepale vilipokuwa vimesimama vya Mwinjuma.

"Hapa ameshona nani?"

"Wapi, dada?"

"Hapa. Huu si mshono wa kiwandani. Hii ni cherehani ya miguu."

Zuleha aliinama. Uzi wa rangi ileile. Mistari miwili iliyonyooka. Na mwishoni kifundo kidogo cha kurudi nyuma, kilekile kilichokuwa kwenye pindo la gauni lake la kijani. Moyo wake ulishuka bila ngazi.

Kanuni aliijua hata usingizini. Mkanda ulioanza kulika husemwa, na mwenyewe hupewa mpya palepale, bila swali. Mkanda ulioshonwa na mtu haupandiwi tena maisha, hata ukivuta trekta, kwa sababu nyuzi mpya huficha kilichooza chini yake. Na mpandaji anayeleta mkanda wa namna hiyo kwenye ukaguzi huhesabiwa kuwa ameficha.

"Nimeuliza, nani ameshona?"

Angeweza kumtaja. Ambokile, aliyekuwa amesimama nyuma, alimtazama kwa macho ya kumwomba amtaje yeyote.

"Nimeshona mimi," Zuleha akasema.

Alisimamishwa kupanda mpaka afanye mafunzo upya. Kurui akapewa mwenzao, Evance.

Jioni ileile, kabla soko halijafunga, alitokea kwenye meza ya Mwinjuma bila kupiga simu. Aliuweka mkanda juu ya kitambaa cha mteja.

"Huu mshono wa nani?"

Na Mwinjuma, Mungu amsamehe, alitabasamu kwa fahari. "Umeuona! Nilijua jicho lako tu ndilo litauona. Si umekaa?"

"Umekaa. Umenikalisha na mimi. Kurui siendi kupanda."

"Kwa nini tena?"

"Mkanda ukishonwa haupandiwi, Mwinjuma! Ungeuacha umelika, ungeniambia tu neno moja, wangenipa mpya. Mpya kabisa!"

"Zuleha, sikujua. Wallahi sikujua. Mimi nimeona uzi umefumuka..."

"Ukatafuta rangi inayofanana. Ili nisione."

"Ili upendeze!"

"Siku ya kwanza hapa hapa ulisema wewe ndiye utakayenishusha."

"Ule ulikuwa utani, mpenzi wangu."

"Mama yako akasema nishuke. Wewe ukanibembeleza nishuke. Nikakataa. Haya, nimeshuka." Akauchukua mkanda wake. "Nimeshuka, fundi. Furahi."

Soko lilikuwa kimya kama siku ile ya spana, ila safari hii hakuna aliyecheka. Zuleha akaondoka. Tangu jioni ile kila Mwinjuma alipompigia, simu ilipokewa na yule dada wa mitambo anayesema mteja hapatikani. Alimpigia mara nyingi mno, mpaka akaanza kumwonea huruma huyo dada.

Kule Kurui mama yake Zuleha alikuwa amewakusanya shoga zake, wameshona sare ya vitenge, waje kumwona binti akipanda. Walikaa kwenye mikeka mbali na tangi, wakapiga vigelegele mtu alipoanza ngazi. Kisha mama akaona kwamba anayepanda ni mwanamume, na binti yake amesimama chini na kizibao cha njano, ameshika kamba.

"Mbona uko huku, mwanangu?"

"Leo zamu ya mwenzangu, mama."

"Ah." Mama akawageukia shoga zake. "Leo zamu ya mwenzake. Pigeni vigelegele, jamani, naye ni mtoto wa mtu."

Zuleha aliishika kamba ile mpaka kazi ikaisha, na hakufuta machozi, kwa sababu mtu wa chini haachii kamba.

*

Masika yalikuja, yakapita. Mwinjuma alishona sare, akashona mapazia, akashona suti ya bwana harusi mmoja hadi bwana harusi mwenyewe akampa pole kwa sura aliyokuwa nayo. Aliwahi kumpata Ambokile kwa simu, na Ambokile, kwa upole wa watu wakubwa wa mwili, alimweleza: "Wewe ni fundi nguo, mdogo wangu. Kwako kilicholika kinashonwa. Kwetu kinakatwa vipandevipande palepale, asije mwingine akakiokota akadhani kizima."

Halafu asubuhi moja simu ikaita. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, karibu mno, safi kama yuko chini ya mwavuli.

"Mwinjuma? Mimi mama yake Zuleha."

Alisimama. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Unanisikia? Niko jikoni, nimekaa zangu kwenye kigoda. Sipandi kichuguu tena." Alicheka kidogo, kisha akashusha pumzi. "Mwanangu amerudishiwa ngazi zake. Lakini chakula hali vizuri. Wako Maneromango, tangi la karibu na misheni. Wakimaliza hapo wanahamia Lindi, na huko sijui hata watarudi lini. Kama una neno, baba, lipeleke wewe mwenyewe. Mtandao tumeupata, lakini mengine hayapiti humo."

Mwinjuma alipiga pasi shati jeupe, akaweka mkasi mfukoni kwa mazoea, maana fundi nguo hatoki bila mkasi, akaenda Kisarawe. Kutoka pale alikodi bodaboda ya mzee mmoja mpole. Barabara ya Maneromango baada ya masika haipendi mashati meupe. Walipolala mara ya pili kwenye tope, mzee alimfariji: "Tulia bosi, hili tope zuri, la juzi lilikuwa na mawe."

Zuleha alikuwa amekaa kwenye kisiki ndani ya kivuli cha tangi, anakunywa uji kwenye kikombe cha bati, ovaroli ileile, mashavu yamepungua. Alimtazama kuanzia viatu hadi kola.

"Siku hizi unapiga pasi tope?"

Utani ulimpiga Mwinjuma kifuani kuliko tusi. Ambokile akakumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa pili wa tangi.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nilishakusamehe zamani."

"Sikujua ile kanuni, Zuleha."

"Najua hukujua. Kaka Ambokile aliniambia, na hata asingeniambia ningejua." Aliweka kikombe chini. "Mtu anayetaka kuharibu hafungi kifundo mwishoni. Niliutazama ule mshono sana, Mwinjuma. Sijawahi kuona mtu ameshona kwa hofu nzuri namna ile."

Alimnyooshea mkono, Mwinjuma akakaa karibu yake kwenye kisiki, na kwa muda walikuwa kama zamani. Zuleha aliondoa tope kwenye ukope wa Mwinjuma kwa kidole gumba. Mwinjuma akamwambia mwavuli bado una kiraka. Akamwambia mama yake kule Gwata anamuulizia. Akamwambia kwamba anataka kumuoa, apande asipande, aje na spana zake zote.

Zuleha alitazama viatu vyake.

"Nikuulize kitu kimoja. Usinidanganye hata kwa mapenzi."

"Uliza."

"Siku niliyokuja sokoni nikakwambia sipandi tena. Usiku wake ulikuwaje?"

Mwinjuma alifungua mdomo. Jibu tamu lilikuwa tayari, na angelisema mwingine yeyote: nililia mpaka asubuhi. Alilia kweli. Lakini alikuwa ameombwa.

"Nililia," akasema. Kisha: "Halafu nikalala. Tangu nikujue, usiku ule ndio nililala bila kukuota unaanguka."

Njiwa walikuwa wanakwaruza juu ya bati. Maji yakasikika yakiingia tangini, taratibu.

"Na kwa muda niliofungiwa?"

"Nilikuwa nalala, Zuleha. Kila siku. Naamka nimevunjika moyo, ila nimelala."

Machozi yalimtoka Zuleha, bila sauti, yakachora mistari kwenye vumbi. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Mwinjuma.

"Nikiwa juu," akasema, "siwezi kuwa na mtu chini ambaye moyo wake unaomba nishuke. Hata kama hasemi. Nitamsikia. Siku moja nitafanya haraka ili simu yako iite mapema, na haraka ndiyo inayoua watu wetu. Nami nikishuka kabisa, nikakaa Maili Moja nakupikia, utakuwa unalala na mtu aliyekufa. Utanipenda, najua. Ndiyo maana inauma."

"Nitajizoeza. Baba'ngu..."

"Ungekuwa umeshajizoeza, mpenzi wangu. Tazama mikono yako. Sijapanda bado."

Aliitazama. Kweli ilikuwa inatetemeka.

Zuleha akavuta begi lake, akachimba mpaka chini kabisa, akatoa mkanda wa zamani, umekunjwa ndani ya mtandio wa dhahabu.

"Nilitakiwa niukate siku ileile. Nilimwambia dada Bertha nimeukata. Nilishindwa, kila nikishika kisu naona kile kifundo." Akauweka mapajani mwa Mwinjuma. "Mkasi unao?"

"Zuleha, usinifanyie hivi."

"Asije mwingine akauokota akadhani mzima. Kata wewe. Wewe ndiye fundi."

Mwinjuma alitoa mkasi. Utepe wa mkanda ule si kitambaa; ulikataa, ukauma meno ya mkasi, akabonyeza kwa mikono miwili mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Alikata mabega. Akakata kiuno. Paja la kulia. Kushoto alipofika kwenye mshono alisimama, akaupapasa mara moja kwa kidole. Ulikuwa bado umekaa, haujalegea hata uzi mmoja. Akaukata katikati.

Zuleha alivikusanya vipande, akamwachia kimoja, kile chenye kifundo. Akambusu paji la uso palipokuwa na tope. Kisha akavaa mkanda mpya, akakaza kila kifungo na kukivuta kuhakikisha, akaivaa kofia juu ya mtandio mweusi. Simu yake akampa Ambokile.

Akapanda. Kach. Kach. Ndoano moja ikishika ndipo nyingine inapoachia. Mwinjuma alisimama palepale alipoachwa, shingo nyuma, kipande cha utepe mkononi, akimfuata kwa macho hadi alipobaki punje ya chungwa kwenye ukingo wa tangi. Punje ikainama.

"Fundiii! Toka chini!"

Safari hii hapakuwa na soko wala spika. Alisikia vizuri. Ndiyo sauti anayompigia yeyote aliyesimama chini ya kazi, na hakuna mtu aliyewahi kumwita Mwinjuma kwa upendo mkubwa kuliko huo. Akasogea. Akavuka kamba ya njano waliyoizungushia tangi, akafika kwenye bodaboda.

Mzee alikuwa ameshapandisha stendi. Alitazama juu, akamtazama abiria wake.

"Bosi, tunamsubiri ashuke?"

Mwinjuma alipanda nyuma, akautia mkasi mfukoni.

"Hapana, mzee wangu. Twende."

Wakaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu ile spana itoboe mwavuli, alimwacha Zuleha akiwa bado juu.